Upatu wa Kiingereza

Mwezi uliopita tulikutana Sinza nyumbani kwa Rehema, sie watatu tuliobaki. Mama Neema alikuwa ameshuka kutoka Mbeya kuja kutibiwa macho, na Rehema akasema haiwezekani mtu aje Dar aondoke bila kula kwake, basi akapika pilau na kuku wa kienyeji, akatengeneza kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu machozi. Rehema siku hizi ana meza kubwa ya kioo, lakini tulitandika mkeka tukala chini, maana Mama Neema alisema mezani watu hawapigi soga, wanakula tu. Mjukuu wa Rehema, binti aliyekuwa akila nasi, yuko chuo na anajifunza Kichina kwenye simu. Ikifika jioni simu inalia kumwambia muda wa somo umefika, na asipoifungua inamlalamikia kama mke mwenza. Mie katikati ya kula nikapigiwa na bwana mmoja wa Nairobi niliyewahi kufanya naye kazi. Nikaongea naye Kiingereza, nikamtania, nikamkatalia jambo alilolitaka, nikakata simu, nikarudi kwenye pilau. Yule binti akanikodolea macho. Akaniuliza, bibi, Kiingereza hicho ulifundishwa na nani? Nikamwambia hakuna aliyenifundisha. Akacheka, akasema lazima alikuwepo mwalimu, hata kama ni simu. Hapo Mama Neema, jicho moja limefungwa bandeji, akamwambia bila kunyanyua uso kwenye sinia kwamba bibi zake walikipokea Kiingereza kwa zamu, Jumamosi kwa Jumamosi, kama wanawake wanavyopokea masufuria. Binti akadhani tunamchezea.

Hatukumchezea. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa wenzangu wawili hawana subira ya kukaa na kueleza, nitaeleza mie. Mtu akiona najisifu, na aone hivyohivyo. Nimefanya kazi miaka mingi ya kuzisifia ndege za watu, sioni kwa nini nisijisifie na langu. Mwaka ninaousema nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha nne na kufeli Kiingereza, na kufeli Kiingereza wakati ule ilikuwa kama kufeli yote, maana masomo karibu yote yalikuwa kwa lugha hiyo. Si kwamba sikuwa na maneno. Maneno nilikuwa nayo tele, nimeyakariri mpaka basi. Ningeweza kukuchorea ua na kukutajia sehemu zake zote kwa Kiingereza bila kukosea hata moja. Ila ukiniuliza kwa lugha hiyohiyo habari za nyumbani, ulimi unakauka, jasho linanitoka kwapani, natazama chini mpaka uende zako. Nilikuwa nikiishi Kiwalani kwa shangazi yangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Alisema mfungo wa Ramadhani ukinikuta sina kazi, sikukuu nitaila kijijini kwetu Mkuranga, na baada ya sikukuu nitashika jembe kwenye mihogo. Nilimjua. Hakuwa anatisha, alikuwa anatoa taarifa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Bi Tausi. Alikuwa mjane, mtu wa Pwani hasa, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu wote walinyamaza kuisikia. Kazi yake ilikuwa kupika chapati za kantini ya wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, kinatazama uani, na kilikuwa na kitanda cha besela, kabati la vyombo lenye pazia la kitambaa cha kufuma, na mkeka mpana uliochakaa katikati kwa kukaliwa. Harufu ya chapati haikutoka kamwe mle ndani, hata siku ambayo hakupika. Ukivaa gauni ukaenda kwa Bi Tausi, unarudi nalo linanukia samli. Humo ndimo wanawake wa mtaa walimochezea mchezo wa vyombo, na yeye ndiye kijumbe wao. Wanaojua wanajua, na asiyejua nitamwambia kwa kifupi: mnakaa kikundi, kila wiki mmoja wenu ana zamu, na wote mnamletea chombo kile anachokitaka yeye. Akisema anataka sahani za udongo, humpelekei beseni. Wiki ijayo zamu ya mwingine. Kila mtu anatoa na kila mtu anapokea, na kijumbe anaangalia asije mtu akala za wenzake akaingia mitini.

Siku moja Bi Tausi alirudi kutoka kantini na hotipoti zake bado zimejaa, akakaa kibarazani bila kuvua kanga ya kichwani. Nilimwamkia, akaitikia kama mtu aliye mbali. Kumbe kantini imepata msimamizi mpya, mgeni kutoka nje, na bwana yule alimsimamisha akamwambia maneno mengi ya Kiingereza, akionyesha chapati, akionyesha saa ukutani, kisha akaondoka. Bi Tausi alisimama pale mpaka miguu ikamuuma. Hakujua kama amesifiwa au amefukuzwa. Akaona heri kurudi na mzigo wake kuliko kuuacha mahali ambapo huenda hatakiwi tena. Tuliokuwepo tulimpa pole, na Rehema, ambaye alikuwa akiuza vitenge na shanga nje ya hoteli za mjini, akasema hata yeye wateja wanamponyoka hivyohivyo, wanauliza kitu, anatabasamu, wanaondoka. Mama Neema, mtu wa Mbeya, mfanya usafi kwenye hospitali moja ya watu binafsi, akasema yeye daktari mmoja mgeni akimwita tu anatamani kujifungia stoo. Bi Tausi alituacha tukamaliza kulia. Kisha akasema, taratibu kama anavyosema bei ya chapati: "Vyombo tunavyo. Mchezo unaofuata tucheze Kiingereza."

Tulicheka, lakini Jumamosi alikuwa ameshapanga masharti yake, na masharti yalikuwa yaleyale ya vyombo, hakugeuza hata moja. Mwenye zamu anasema anataka nini, na lazima kiwe kitu cha maisha yake, kitu atakachokitumia Jumatatu. Wenzake wana wiki nzima ya kwenda kumtafutia: redioni, kwa mabosi wao, kwenye makopo ya maziwa, kwa watoto wa shule, kwa padri, popote. Jumamosi baada ya alasiri wanakuja nacho mdomoni. Hakuna kuandika, kwa sababu Bi Tausi alisoma chuo cha Kurani lakini hakusoma shule, na hakutaka mtu aachwe nyuma. Mwenye zamu anakijaribu mbele ya wote. Kikimfaa anakipokea. Kisipomfaa, kama ni kigumu au hakimkai mdomoni au hakisemi anachotaka kusema, anakirudisha na kueleza kwa nini, na aliyekileta analeta kingine, bila kununa. Kurudisha haikuwa dharau, ilikuwa haki yake, kama vile ungerudisha sufuria lenye tundu. Tulikubaliana pia kwamba shikamoo haiondoki. Tulimwamkia Bi Tausi kwanza kwa adabu zetu, ndipo Kiingereza kianze.

Zamu ya kwanza walinipa mie, nafikiri kwa huruma ya ile habari ya Mkuranga. Nilijiona msomi pale, maana ni mie peke yangu niliyefika sekondari, nikajibu haraka kwamba mie nataka Kiingereza chote. Bi Tausi akatikisa kichwa. "Chote hakiingii kwenye sinia, Mwajuma. Chagua." Ndugu msomaji, nilikaa darasani miaka na miaka, na hakuna siku hata moja mtu aliniuliza nataka nini. Niliambiwa leo ni hili, kesho ni lile, fungua ukurasa. Nilitazama mkeka mpaka wengine wakaanza kujimiminia chai ya tangawizi. Mwisho nikasema ukweli, kwamba ninachotaka ni nisife nikiulizwa swali. Walidhani nitaona aibu, na kweli niliona, lakini hakuna aliyecheka. Jumamosi iliyofuata walikuja nacho. Rehema aliniletea namna ya kumwomba mtu arudie. Mama Neema aliniletea namna ya kusema ngoja kidogo nifikirie, ambayo aliisikia kwa manesi. Bi Tausi alikuwa amemfuata mhudumu mmoja wa ndege aliyekuja kantini, akaniletea namna ya kukiri kwamba jambo hili silijui ila nitakuulizia. Vitu vitatu tu, lakini ukiwa navyo hakuna swali litakalokuua. Nilivisema siku nzima nikifua nguo za shangazi, nikiviongelesha vitambaa, mpaka shangazi akaniuliza kama nina homa.

Basi mwaka ukaenda hivyo, na nikiufikiria leo naona wivu juu yetu wenyewe. Kiwalani ndege zinapita juu ya bati, na ikipita moja husikii hata unachofikiri. Tulizoea kusimama katikati ya sentensi, midomo wazi, mpaka ipite, kisha tunaendelea pale pale tulipoishia, na aliyesahau alipoishia anaanza upya. Tulikula mihogo ya nazi, tukala chapati zilizoungua pembeni ambazo Bi Tausi hakuwa radhi kuziuza, siku ya zamu ya Rehema tulikula pweza. Rehema alitaka maneno ya kumrudisha mteja aliyeshageuza mgongo, na alirudisha vyetu vyote mara mbili, akisema vinambembeleza mno mteja, yeye hataki kumwomba mtu. Tulipompatia kile alichokitaka alikijaribu kwa jirani aliyekuwa anapita uani, na yule jirani asiyejua Kiingereza hata chembe akageuka. Mama Neema alitaka kumwambia daktari kwamba yeye si nesi na hatashika mgonjwa, lakini bila kufukuzwa kazi. Ilituchukua wiki kadhaa, maana kukataa kwa upole ni kugumu kwa lugha yoyote. Bi Tausi naye, aliyekuwa akipeleka chapati zake huku akimkwepa msimamizi wa kantini, zamu yake ilipofika alitaka kumuuliza siku ile alisema nini. Alimuuliza. Kumbe bwana yule alikuwa akisema chapati ni tamu, ziongezwe, na zije mapema zaidi. Alitusimulia huku ameweka mkono kifuani, akacheka mpaka akakohoa. Uani wapangaji wengine walituita Wazungu wa Kiwalani, na vijana wa kijiwe cha kahawa walituimbia salamu za darasani tukipita. Niliwaacha waimbe. Hawakuwa na zamu.

Shangazi ndiye hakufurahi. Alisikia maneno ya watu, akaona nacheza na wanawake wasiosoma wakati mfungo unakaribia, na akafanya lile ambalo mlezi yeyote mwenye akili angelifanya: akanitafutia mwalimu. Alikuwa mpangaji mwenzetu, Mwalimu Kisanga, Mpare mpole aliyefundisha Kiingereza sekondari moja kule Temeke. Shangazi akamwomba aje mwenyewe Jumamosi atunyooshe wote kwa pamoja, bure. Alikuja amechomekea shati, na chaki mfukoni, akaanza na nyakati za vitenzi. Tulimsikiliza kwa heshima. Mie nilianza kuhisi ulimi unakauka tena kama zamani, jasho lilelile. Alipotua kupumzika Bi Tausi akamkaribisha chai na akamuuliza yeye aletewe nini zamu yake ikifika. Mwalimu akatabasamu, akasema Kiingereza yeye anacho. Bi Tausi akamjibu kwa upole kabisa kwamba basi ndiyo shida, kwa sababu kwenye mchezo hakuna mtu wa kutoa tu. Asiyepokea hana zamu, na asiye na zamu hatuwezi kumweka. Mwalimu alimaliza chai yake akaaga. Shangazi aliposikia alinifokea mpaka mtaa wa tatu wakajua. Alisema nimemfukuza mwalimu wa bure ili nikae na wauza chapati, na kwamba hatanionea huruma tena.

Mwalimu Kisanga alirudi mwenyewe, baada ya majuma mengi, bila chaki. Alikaa karibu na mlango, akavua viatu. Akasema amefikiri lile swali, na kwamba amefundisha lugha hii miaka yote, anaisahihisha vizuri, lakini hajawahi kukaa na mtu akapiga naye soga kwa lugha hiyo. Wageni wakija shuleni kwao yeye hujifanya ana kazi ofisini. Alitaka maneno ya kukaa na mtu tu, si ya darasa. Nampenda mtu yule mpaka leo kwa jinsi alivyolisema lile jambo mbele ya wanawake waliomnyima nafasi. Tukamletea. Bi Tausi akampa sharti moja, kwamba asisahihishe mtu mpaka aombwe, na akishaombwa asiache kitu. Alilishika sharti lile kuliko sie tulivyoshika yetu, na kuanzia hapo tulimwomba sana.

Mfungo ulikuwa umebakiza muda mfupi wakati Bi Tausi alipoleta habari kutoka kantini: kampuni moja ya kuhudumia abiria pale uwanjani inatafuta wasichana wa kutangaza kwenye vipaza sauti. Usaili ni wa kuongea, na wanaopenda waende. Ilikuwa ni hiyo au Mkuranga, na kila mtu mle chumbani alilijua hilo bila kuambiwa. Rehema akanipa zamu yake. Safari hii niliulizwa nataka nini nikajibu bila kufikiri: nataka kuwaambia watu wengi nisiowajua jambo wasilolipenda, na wasinichukie. Wiki ile walihangaika kwa ajili yangu kuliko harusi. Mama Neema alisikiliza jinsi madaktari wanavyowaambia ndugu wa wagonjwa wasubiri. Rehema alikwenda kukaa kwenye ukumbi wa hoteli mpaka mlinzi akamtoa. Mwalimu aliniambia usaili unavyokwenda, wapi pa kukaa, nani wa kumtazama. Nilipokea vingine na nilirudisha vingi, na nilianza kuona kwamba nakijua ninachokitaka hata kabla hawajakileta.

Siku ya usaili nilivaa sketi ya Rehema na viatu vya Mama Neema vilivyonibana. Wasichana wengine kwenye benchi waliongea Kiingereza kati yao, kilaini, cha shule za kulipia. Niliingia, nikamwona mama mmoja mwenye miwani, mzee mmoja wa Kitanzania na mgeni mmoja mrefu. Niliwaamkia wote shikamoo, hata yule mgeni, ndipo nikaanza Kiingereza. Waliniuliza maswali, nikaomba warudie moja, jingine nikasema silijui ila nitaulizia, na sikufa. Kisha mama wa miwani akanipa karatasi nisome kwa sauti kana kwamba niko kwenye kipaza sauti. Iliandikwa kwamba ndege imechelewa kwa sababu za kiufundi na abiria wanaombwa radhi. Basi, hakuna zaidi. Na hapo mie nikafanya kitu ambacho hakuna msichana mwingine pale angekifanya, kwa sababu hawakucheza mchezo wa Kiwalani. Niliisoma kimyakimya, nikaona haisemi ninachotaka kusema, nikamrudishia.

Wakaniuliza kulikoni. Niliwaeleza, kwa Kiingereza changu hichohicho, kama ambavyo ningemweleza Rehema: imechelewa mpaka saa ngapi, mwenye mtoto akae wapi, mwenye ndege nyingine ya kuunganisha amwone nani? Nikiisoma hivi, nikasema, wote watakuja dirishani kwangu na sitakuwa na la kuwajibu. Nileteeni iliyokamilika. Ilipotoka tu ile ya mwisho nikajua nimeharibu. Mama wa miwani akavua miwani yake.

"Umeitwa kusoma," akasema. "Hukuitwa kusahihisha."

Nikamwomba radhi, nikanyoosha mkono kuichukua tena karatasi. Yule mgeni mrefu akaizuia kwa kidole. Akaniuliza mimi ningesemaje. Nikawaambia, nikitunga saa na mlango na mahali pa kupatia maji, kwa maneno ambayo kila moja lilikuwa limejaribiwa juu ya mkeka ule, moja la hospitali, jingine la sokoni, jingine la kantini. Nilisema yote mpaka mwisho. Mama wa miwani hakuwa na haraka ya kufurahi. Akasema matamshi yangu yana Uswahili mwingi. Nikamjibu, "Ni kweli, mama. Jumamosi utapungua." Mzee wa Kitanzania aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Sikujua anacheka nini, wala sikumweleza Jumamosi ni nini.

Nilirudi Kiwalani nikalia kwa Bi Tausi, nikasema mdomo wangu umeniponza. Nilisema kama ningekaa na vitenzi vya Mwalimu tangu mwanzo ningeisoma karatasi vizuri kama wenzangu, na sasa niko Mkuranga. Bi Tausi alikuwa anasukuma chapati. Hakunibembeleza. Aliniuliza kama ile karatasi kweli ilikuwa na upungufu. Nikasema ndiyo. Akasema kama ni hivyo hakuna kosa, na akanipa mpini wa kusukumia nimsaidie, maana mikono yake imechoka. Siku zilizofuata shangazi alianza kunitolea nguo zangu kwenye sanduku na kuzipanga upya, moja moja, kwa namna ya kunionyesha. Nilizipanga naye. Majibu yakaja na mtu wa kantini: nimechukuliwa kwa majaribio. Baadaye sana, tulipozoeana, mama wa miwani aliniambia kwamba wasichana wote siku ile waliisoma karatasi vizuri, na ni mmoja tu aliyefikiria kwamba kuna watu watakaoisikia. Aliniambia kama mtu anayelalamika, lakini ndiye aliyenitetea. Shangazi aliposikia nimepata alikaa kitandani akashika mikono yangu yote miwili, kisha akaenda sokoni kuninunulia viatu vinavyonienea. Nimesema hakuwa mtu mbaya.

Watu wananiuliza siri ya Kiingereza changu, na wengine wanadhani nina kipaji. Sina. Nilikuwa na kipaji gani mie, niliyetajia watu sehemu za ua? Nilikuwa na watu walioniuliza nataka nini, wakaniacha nikatae nisichokitaka, wakaniamini kwamba nikichagua mwenyewe nitakitunza. Nimewafundisha wasichana wengi kazi pale uwanjani, na kila mmoja siku ya kwanza namuuliza swali la Bi Tausi. Huwa wanatazama chini kama nilivyoutazama ule mkeka. Huwa nasubiri.

Lakini hiyo ni ya baadaye. Jumamosi yangu ya kwanza kazini nilikuwa kwenye kibanda cha kioo kinachotazama ukumbi wa abiria, na sikuweza kwenda mchezoni, basi mchezo ukanifuata. Niliwaona wanaingia na wasindikizaji wengine, Bi Tausi amejifunga kanga mpya, Rehema na Mama Neema huku na huku, wakasimama kwenye nguzo. Walikuja kusikia. Mchana wote nilikuwa nimesoma matangazo madogo madogo ya mizigo na ya watu wanaoitwa. Ghafla mkanda wa mizigo wa kaunta za mbele ukagoma, na foleni ilikuwa imejaa ukumbi, watalii na wafanyabiashara na mabegi yao makubwa, wamechoka, wamekunja nyuso. Bosi akanisukumia karatasi, akaniambia niwahamishe. Nikaisoma kimyakimya, nikaongeza yangu machache, nikabonyeza kitufe. Niliwaambia kilichotokea, nikawaambia wahamie kaunta za mwisho upande wa kulia, walio na watoto watangulie, na waliokuwa mbele huku watabaki mbele kule. Sauti yangu ilinirudia kutoka kwenye dari. Kwa muda hakuna aliyetikisika. Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua begi lake, na mzee mmoja nyuma yake, na ukumbi mzima ukainua mizigo, watu wakaanza kwenda upande wa kulia, taratibu, wakipisha wenye watoto.

Nilipopata nafasi nilitoka mbio nikawafuata kwenye nguzo. Nilimwamkia Bi Tausi, akaitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye foleni kule mwisho, ambayo ilikuwa imeshanyooka. Mama Neema alikuwa analia waziwazi, na Rehema anamwambia mwanamke asiyemjua kwamba yule aliyesema ni mtu wao.

"Wote wale wamehama?" Bi Tausi akaniuliza.

"Wamehama, bibi."

"Kwa maneno yetu?"

"Kwa maneno yetu."

Akajifunga vizuri kanga yake, akaegemea nguzo kama mtu anayejiandaa kukaa sana. "Hebu warudishe," akasema. "Nione tena."